Barafu ya Kahawa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti
Mama mkwe ametangaza! Jumapili anatimiza miaka sabini. Nyumba itakuwa wazi, kahawa na keki kwa mji wetu mzima wa Qaanaaq, huku Greenland. Siku hiyohiyo ataamua mashua ya marehemu mumewe aipate nani: mimi au Masaatsiaq, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Sote hatuna mashua. Kila kiangazi tunaomba nafasi kwenye mashua za watu kama watoto. Nimechoka kuomba.

Kila mmoja ameambiwa alete barafu ya kahawa. Maji ya tangi mama mkwe huoshea sakafu. Hunywa maji ya milima ya barafu inayoelea baharini tu, kwa kuwa hayana chumvi hata chembe. Kwa hiyo mashua ni ya mwenye barafu bora. Mpango ninao tayari.

Jumanne, 6 Agosti
Masaatsiaq yuko ufukweni na ndoo, anaokota vipande vilivyoletwa na maji. Kuokota! Mimi nitauvuta mlima mzima hadi mbele ya dirisha la mama mkwe. Bibiane, mke wangu, ameuliza nikishaufikisha nitauchemsha kwenye sufuria gani. Huyu mwanamke hana upeo.

Jumatano, 7 Agosti
Nimeazima kimashua cha jirani na kamba yake mpya. Nimechagua mlima mdogo, mkubwa kidogo kuliko kanisa. Nikaunasa kwa kitanzi, nikavuta. Haukusogea. Nikavuta tena. Ukapinduka!

Tumbo likaja juu, kichwa kikaenda chini, na kamba ya jirani ikaenda nacho. Nililowa mpaka kwenye soksi. Kila mtoto hapa anajua mlima wa barafu hausogelewi. Masaatsiaq alikuwa akitazama kutoka ufukweni. Akapaza sauti: "Ilannguaq, shemeji yangu, vipi, mlima umeuamsha usingizini?" Watu wakacheka. Wengi mno.

Hata hivyo, vipande safi vilimeguka. Nimejaza pipa nililolikuta nyuma ya banda la marehemu. Nani kashindwa sasa?

Ijumaa, 9 Agosti
Msiba! Barafu imeanza kuyeyuka, nikaonja maji yake. Mafuta ya sili! Pipa lilikuwa la shahamu. Nilinusa kabla ya kulijaza, lakini katika nyumba zetu za wawindaji nani anasikia tena harufu ya sili? Nimesuuza vile vipande mara kadhaa. Harufu imeng'ang'ania. Bibiane kaonja, akasema ni kama kulamba glavu. Kanishauri niende ufukweni na ndoo, nikaokote kama wenzangu. Mbele ya Masaatsiaq? Bora nife.

Jumapili, 11 Agosti
Asubuhi wote walikwenda kanisani. Mimi tumbo lilinikata ghafla. Kasha la barafu la Masaatsiaq liko chini ya ngazi za nyumba yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Yake nikaitia kwenye ndoo yangu, yangu nikamwachia yeye. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mchana nyumba ilijaa. Mama mkwe kachemsha birika mbili. Akaanza na kahawa yangu. Akasema ni nzuri, safi, kama ya watu wote. Kama ya watu wote! Sawa. Akachukua ya Masaatsiaq. Majirani walishakunja pua. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumpa mwanyumba pole.

Mama mkwe akanywa. Akanywa tena. Machozi yakamtoka.

Akasema miaka yote ya ndoa yao marehemu alibeba barafu kwenye pipa la shahamu, na miaka yote yeye alimgombeza kwa hilo. Tangu tumzike hajaonja kahawa ile. "Masaatsiaq, mwanangu, umejuaje?" Lile zimwi likajikuna kichwa, likasema: "Ni uzoefu tu, Mama."

Uzoefu!

Kamkabidhi mashua palepale. Niseme nini? Kwamba barafu ni yangu kwa sababu niliiba ya mwenzangu? Nikalia. Watu wakadhani namlilia marehemu, wakanipa kipande kikubwa cha keki. Bibiane alininusa mikono, akaondoka.

Jumatatu, 12 Agosti
Bibiane anasema niende kwa mama yake nikaungame, nimwombe radhi Masaatsiaq, na jirani nimlipe kamba yake. Nimemwambia ukweli hauwashi injini.

Maana injini bado! Mashua imetolewa kavu. Injini iko bandani, na mama mkwe amesema ataamua aipate nani wakati wa Krismasi. Pipa la marehemu bado ninalo, na nimeshalipaka shahamu mpya ndani, pande zote. Nimeongeza na mafuta ya nyangumi, maana marehemu alikuwa mtu wa kiasi. Nimelifunga kwa kufuli, Masaatsiaq asije akaiba.

Safari hii mama mkwe atalia mpaka majirani wasikie.