Mpunguzieni Mkamwana Wangu Kilomita

Karakol, mwezi wa tatu

Ndugu Toktosun, Mwenyekiti wa Klabu ya Mbio,

Natumaini u mzima, wewe na mama yako, ambaye nilisoma naye darasa moja na ambaye angelimaliza jambo hili kwa simu moja tu. Lakini nimeona nianze kwako, kwa heshima.

Mimi ni Saiymkan, mama mkwe wa Aizirek, yule mwembamba mwenye kofia nyekundu anayekimbia na kundi lenu la asubuhi. Mume wake, mwanangu Bektur, anaendesha teksi Moscow, huu mwaka wa pili. Nyumbani tumebaki mimi, Aizirek na ng'ombe.

Mwezi wa tisa uliopita Aizirek alikimbia nusu marathon, kilomita ishirini na moja, akaimaliza. Sikulalamika. Nilidhani mtu akishamaliza jambo, limekwisha. Kumbe klabu yenu ina kikao cha kupitia malengo, ambapo kila mtu anasimama, anaeleza alikusudia nini na amefikia wapi, kisha anajiwekea lengo jipya. Mkamwana wangu akasimama mbele za watu, akasema sasa anataka marathon nzima, ile ya ziwani ya mwezi wa tano, kilomita arobaini na mbili. Mkampigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Na nyumbani wanasemaje?" Kwetu, Ndugu Mwenyekiti, hata kondoo wa kuchinja hachaguliwi kwa makofi.

Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yangu. Nimeyapa namba, kwa sababu naambiwa kocha wenu Emilbek anapenda mambo yenye namba.

1. Kuhusu chai. Unajua, na mkeo anajua, kwamba mkamwana anatakiwa kuamka kabla ya mama mkwe. Aizirek anaamka kabla yangu. Hapo ndipo penye tatizo. Ninapofungua macho, jiko limewaka, ng'ombe amekamuliwa, chai iko mezani imefunikwa pamoja na malai na mkate, na mwenyewe yuko barabarani. Tangu baridi ianze sijapata cha kumkaripia kabla ya saa tatu asubuhi. Daktari anasema shinikizo langu la damu limepanda. Hakuuliza sababu, nami sikutaka kuichafua klabu yenu.

2. Kuhusu suruali. Sina la kuongeza juu ya suruali ile. Wewe mwenyewe umeiona.

3. Kuhusu majirani. Siku ya kwanza alipotoka na suruali hiyo, jirani yangu Kalipa alikuja mbio bila kuvaa koti.

"Saiymkan! Mkamwana wako katoka na soksi tu mpaka kiunoni! Kuna moto?"

"Hakuna moto. Anafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kukimbia."

Kalipa akaitazama barabara, akanitazama mimi, kisha akauliza polepole, kama mtu anayempa mwenzake pole: "Anamkimbia nani?"

Naomba ulifikirie swali hilo kama nilivyolifikiria mimi. Nyumba ina watu wawili. Mmoja anakimbia. Mji mzima ukikaa kutafuta anayekimbiwa, hautachukua muda mrefu.

4. Kuhusu umbali. Aizirek ni mtoto wa kule upande wa Tyup. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa wazazi wake ni kilomita thelathini. Wakati alipokuwa anakimbia nusu marathon nililala vizuri, maana nilijua ataishiwa pumzi katikati ya mashamba ya viazi na atalazimika kurudi. Sasa mmempa arobaini na mbili. Nimepiga hesabu mara nyingi na jibu ni lile lile: mnamfundisha mke wa mtu kurudi kwao kwa miguu, na kwa tahadhari mmemwongezea kilomita kumi na mbili zaidi ya zile anazohitaji ili kunitoroka. Hizo kumi na mbili za nini? Mlitaka apite na kwa shangazi yake?

5. Kuhusu mume. Nilimpigia Bektur, nikamwambia amkataze. Akasema, "Mama, nimkataze vipi kutoka huku? Mimi mwenyewe sijui nitarudi lini." Halafu akauliza, "Leo kafika kilomita ngapi?" Nikamwambia kumi na nane. Akasema, "Kumi na nane!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu atoke jeshini. Kwa hiyo na huyo mmeshamchukua.

Nilimuuliza na Aizirek mwenyewe. Nilimwambia, "Mwanangu, kama ni hewa, kuna uani. Kama ni miguu, ng'ombe anahitaji kupelekwa majini. Unatafuta nini huko?"

Alikuwa anaosha vikombe, hakugeuka. Akasema, "Mama, Bektur akishakata simu, hii nyumba inanielemea. Nikikimbia, inakuwa nyepesi mpaka jioni."

Nyumba yangu ilijengwa na marehemu mume wangu kwa matofali mazuri, na haijawahi kumwelemea mtu. Nilitaka kumjibu hivyo. Badala yake nilichukua kitambaa nikaanza kukausha vikombe, kazi ambayo si yangu, na hilo pia naliorodhesha kama lalamiko.

6. Kuhusu gari. Mwanamke hawezi kukimbia peke yake penye mbwa wa kiwanda cha matofali. Klabu yenu haikulifikiria hilo, ikabidi nilifikirie mimi. Nikatoa Zhiguli, gari la marehemu mume wangu, nikawa namfuata nyuma kwa gia ya kwanza, dirisha wazi, mawe ya mbwa kwenye kiti cha pembeni na chupa ya chai miguuni. Lengo langu lilikuwa ulinzi tu. Lakini wenzake walipoona chai wakaanza kupunguza mwendo karibu na dirisha langu. Kwanza mmoja. Sasa ni kundi zima, na mwenye duka la dawa anataka yake isiyo na sukari. Kocha Emilbek ananiita "gari la huduma" mbele ya watu. Sikuwahi kuomba cheo hicho.

Isitoshe, gari lenu la huduma limeanza kuniharibu. Juzi nilijikuta nimetoa kichwa dirishani napiga kelele, "Aizirek, shusha mabega! Umebeba ndoo?" Jana yake nilikuwa nimemwambia kwamba anakanyaga kwa kisigino. Sijui maneno haya yametoka wapi. Mimi ni mtu wa kufuma soksi. Kalipa amenisikia kwenye foleni ya mkate nikimweleza mwanamke nisiyemjua kwamba mlima usikimbiwe kwa hasira, na sasa Kalipa anazungumza nami kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza na mgonjwa.

7. Kuhusu Jumapili iliyopita, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ratiba ya kocha ilisema mbio ndefu. Wenzake wote walielekea upande wa ziwa. Aizirek, alipofika kwenye njia panda, akakata kushoto akashika barabara ya Tyup. Hakunitazama. Nami sikupiga honi. Nilifuata.

Alipita mashamba ya viazi na pumzi yake yote. Alipita kituo cha mafuta. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na matope yalimpanda mpaka magotini, ile suruali ikawa haionekani tena. Sikumwambia lolote kuhusu mabega. Nilikuwa nawaza mambo mengine: kwamba vyombo vyake vya harusi viko kabatini kwangu na itabidi nivifungashe vizuri visivunjike, kwamba nitamwambia Bektur nini, kwamba nani atakula mkate nikiuoka, maana siwezi kuoka mkate wa mtu mmoja, sijawahi kujifunza.

Akafika kwao. Akafungua lango akaingia. Nikazima gari, nikakaa. Sikuwa na sababu ya kushuka, na nguvu za kugeuza gari sikuwa nazo.

Baada ya muda akatoka mama yake, mzazi mwenzangu, na kilemba chake kizuri, akagonga kioo. "Wewe mama, unalinda lango letu? Ingia, chai inapoa."

Nikaketishwa mahali pa heshima, mbali na mlango. Aizirek alikuwa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anakula maandazi kama mtu aliyetoka vitani. Mama yake analia na kucheka kwa pamoja: "Kwa miguu, jamani! Kutoka Karakol! Mwanangu huyu, tulikuwa tunamtuma dukani anakataa!" Mimi nilikuwa nasubiri Aizirek aseme anabaki. Nilishaandaa uso wa kumsikiliza nao.

Akameza andazi, akasema, "Mama." Tukageuka wote wawili. Akasema, "Mama Saiymkan. Tusichelewe sana, ng'ombe hajakamuliwa maziwa ya jioni. Turudi na gari, au unataka nirudi nilivyokuja?"

Nikamwambia, "Na gari. Kocha alisema usizidishe."

Ndugu Mwenyekiti, alinitisha vibaya, na hakuna kifungu katika kanuni zenu kinachomlazimu mkimbiaji kutangaza mapema kwamba anakwenda kusalimia tu.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu: kwanza, lengo la Aizirek lipitiwe upya na lishushwe hadi umbali usiofika Tyup, ishirini na moja zinatosha, na kama hamwezi, basi azikimbie kuzunguka uwanja wa shule ambapo naweza kumwona kutoka barazani. Pili, lengo lolote jipya la mwanamke aliyeolewa lisikubaliwe bila sahihi ya mama mkwe. Tatu, marathon yenyewe ifupishwe. Sioni sababu ya kuwa ndefu vile, na kama kuna ofisi inayohusika, nipeni anwani nitawaandikia.

Msalimie mama yako, mwambie goti langu ni lile lile. Msalimie mkeo na watoto. Wasalimie wakimbiaji wote, na yule wa duka la dawa umwambie chupa yake ameisahau kwangu. Kocha Emilbek naye msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi, kwa heshima na masikitiko,
Saiymkan, mama mkwe

N.B. Barua hii nilikuwa naifunga ndipo Aizirek akarudi kutoka kwenye kikao chenu cha leo cha kupitia malengo. Anasema amesimama mwenyewe akaomba ashushiwe mpaka nusu marathon, eti "Mama hajapenda," na kocha akakubali papo hapo, akafuta na kuandika ishirini na moja.

Ndugu Toktosun, mna akili timamu? Mtu aliyekimbia katika barafu ya mwezi wa kwanza mpaka kope zikaganda, mnamfutia kama deni la chumvi? Nani aliwaambia mama hajapenda? Mlimuuliza? Nusu marathon alishaimaliza. Lengo jipya gani hilo ambalo mtu ameshalipita? Rudisheni arobaini na mbili zote, hata mita moja isipungue, na masaa ya kumaliza yawe manne na nusu, si matano kama alivyopangiwa na huyo Emilbek asiyemjua vizuri. Sahihi niliyoidai ni hii hapa chini. Na kwenye ile fomu ya kujiandikisha mbio, mahali pa mtu wa kupigiwa simu kukiwa na lolote, msiandike mama mkwe. Andikeni mama.

Saiymkan