Vita vya Mama Pindo na Mstari Mwekundu wa Bwawani

Sogeeni, enyi wenye masikio na muda wa kupoteza, nanyi mliowahi kurudishwa mlangoni na mtu mwenye kitambulisho shingoni! Zimeni redio, watulizeni watoto, niwasimulie habari za Mama Pindo, fundi cherehani, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno, ambaye siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, alisimama mbele ya lango la bwawa la kuogelea la umma akalipigania goti lake. Wafalme wamepigania miji wasiyoijua hata njia zake. Yeye alitaka kuingia majini tu, na mimi naona dai lake lilikuwa na akili zaidi.

Maana goti lile la kulia ndilo lililokanyaga cherehani miaka thelathini na miwili, likashona sare za shule tatu na magauni ya maharusi wasiohesabika, wengine wamekwisha kuachika na gauni bado zima. Sasa lilikuwa limekakamaa. Daktari alinena machache: "Mama, likunje majini kila wiki. Ukilidekeza litaganda, na cherehani utaiaga." Mama Pindo hakulia mbele ya daktari. Alikwenda kulia nyumbani, ameinamia cherehani, kisha akajifuta uso akaanza kukata kitambaa. Akajishonea vazi la kuogelea la bluu, la kitambaa chenyewe cha kuogelea, likishuka hadi gotini barabara, kwa kuwa pajani alikuwa na kovu la pasi ambalo hakuwahi kumwonyesha mtu ila marehemu mumewe.

Basi langoni alikaa mlinzi, pande la mtu, filimbi kifuani, mwaminifu kuliko kufuli. Na kwenye mwimo wa mlango, kando ya kiti chake, palikuwa na mstari mwekundu. Asili yake ni hii: kanuni ilisema vazi lisishuke chini ya goti, na kwa kuwa watu walibishana kila siku goti linaanzia wapi, meneja wa wakati ule, mtu mrefu kama mlingoti, alijisimamisha mlangoni, rangi ikapigwa usawa wa goti lake, na tangu hapo goti la meneja likawa goti la taifa zima. Meneja alihamishwa. Goti lake likabaki.

"Mama, pindo liko chini ya mstari," mlinzi akatangaza. "Kama wiki iliyopita, na kama wiki ya kabla yake."

"Liko chini ya mstari, haliko chini ya goti! Tazama. Goti hili hapa, pindo hili hapa. Nimelipima mara tatu, na mimi sipimi kwa kubahatisha."

"Mama yangu, mimi sikuwekwa hapa kutazama magoti ya watu. Nimewekwa kutazama mstari. Mstari hauna ndugu wala shemeji. Leo nikikupisha wewe, kesho mtu ataniletea gauni la harusi."

"Na goti la huo mstari ni la nani?"

"La meneja aliyehama."

"Basi mwite aje aniogelee!"

Foleni yote ikacheka, nami nikiwemo. Binti wa Mama Pindo, aliyembebea mkoba na taulo, alitamani ardhi impasukie. "Mama, watu wanatutazama. Si ukate hiyo shibiri moja, yaishe?"

"Nimekata vitambaa vya watu maisha yangu yote, mwanangu. Ngozi yangu siianiki kwa sababu ya rangi ya mlangoni."

Ndipo akatoka meneja mpya, kikombe cha chai mkononi, akahutubia kwa upole wa watu wa ofisini. "Mama, nakuelewa kabisa. Ila mstari ule umo kwenye waraka. Kuuhamisha kunataka kikao, na kikao kinataka akidi."

"Lini?"

"Mungu akijalia, baada ya miezi mitatu."

Miezi mitatu! Uso ukamshuka Mama Pindo, maana alijua goti haliketi kusubiri akidi. Akainamisha macho. Pale chini akaiona ndoo ya mfagizi aliyekuwa akisafisha langoni.

"Mwanangu, ina maji hiyo?"

"Nimeyamwaga sasa hivi, mama," mfagizi akajibu.

"Ipindue hapa mlangoni. Na wewe mlinzi, niambie: waraka unasema mtu asimame juu ya nini?"

Mlinzi akautoa waraka, akausoma mstari kwa mstari huku midomo ikimcheza. Akaugeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe. "Hausemi," akakiri, na nawaapieni alikiri kwa uchungu.

Msicheke bado. Kupanda ndoo kwa goti lililoganda si mchezo. Alitanguliza mguu wa kushoto; wa kulia ukagoma, akateremka akihema. Binti akautupa mkoba, akamshika mama yake kiunoni, akasema, "Niegemee, mama. Niegemee mimi." Safari ya pili Mama Pindo akapiga kelele ya maumivu, na kelele ikiwa bado hewani, miguu yote miwili ilikuwa juu ya ndoo.

Mlinzi akapiga magoti, akafumba jicho moja, akapima. Pindo lilikuwa juu ya mstari kwa vidole vinne.

"Halali!" akanguruma, akapuliza filimbi. "Mpisheni fundi!"

Wanawake wawili wafupi waliokuwa nyuma yangu wakaanza kugombea ndoo. Meneja akarudi ndani kimyakimya, chai imepoa. Mama Pindo akashuka ngazi za bwawa, binti pembeni yake na nguo zake zote mwilini, jambo ambalo mlinzi, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, hakuliona.

Iandikwe basi, popote panapoandikwa mambo makubwa, kwamba Jumanne ile, saa nne kasorobo, maji yakiwa kifuani na machozi mashavuni, goti la kulia la fundi cherehani lilikunjika mara kumi na moja, na kwamba alihesabu mwenyewe kwa sauti.