Busta na Wageni wa Jumapili

Jumatano, 10 Agosti 1994

Kisumu nzima wanaojua maji ni wawili: Mungu na mimi, Zadock. Hoteli inaniita mfagia bwawa. Wivu! Mama Safia, mwenye hoteli, amenunua busta, pampu ndogo ya kusukuma kile kidude kinachotambaa chini ya maji kikifagia. Pampu kubwa ipo, ya miendo miwili: asubuhi mbio, baadaye polepole, saa nane mchana taima yake, kisaa cha kuwasha na kuzima, inailaza. Aliifunga Abeid, fundi wa umeme. Ameenda Pap Onditi kufunga kinu cha posho, atarudi Jumamosi. Mama Safia kasema busta imngoje.

Haiwezi kungoja! Nimempigia simu dada yangu Rosa kule Bondo. Nimemwambia mimi ndiye mhandisi mkuu hapa, alete watoto Jumapili waogelee. Wamekubali! Tangu mwaka juzi hawajakanyaga kwangu. Walisema kwa Mjomba hakuna cha kufanya. Na chini ya bwawa pana utelezi wa kijani.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimenunua sahani mpya, na boya la mpira la Dalmas, kitinda mimba wa Rosa. Kadija wa dukani akasema boya hilo kubwa mno kwa mtoto. Nikamwambia ukoo wetu una vifua. Nikamsimulia nilivyoogelea toka Luanda Kotieno mpaka Mbita, mamba wakinisindikiza. Akauliza mamba walirudi na feri gani. Mwanamke hana heshima.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimefunga busta! Abeid aliacha amesema waya wake upitie kwenye swichi ya pampu kubwa: mdogo asiamke mkubwa akiwa amelala, maana busta hunywa maji ya mkubwa, na ikikosa inaungua. Maneno ya woga. Nimevuta waya moja kwa moja toka kwenye bodi ya umeme. Kila mtu na sufuria yake.

Kisha taima. Busta iamke saa tatu asubuhi. Uso wa taima una namba ishirini na nne. Sasa, hata mtoto anajua saa: ukitaka tatu, mshale unakaa upande wa pili. Nikatafuta tatu, nikavuka, nikakuta kumi na tano. Nikakaza hapo. Taima ya Abeid, ya pampu kubwa, sikuitazama. Anayechungulia ni mwanafunzi.

Nimekula kwenye sahani mpya. Peke yangu. Kuijaribu tu.

Jumamosi, 13 Agosti

Saa tatu asubuhi, kimya. Nikasema inajipanga. Saa tisa alasiri, pampu kubwa imeshalala, busta ikaamka. Kavu! Ikalia kama mbuzi wa Krismasi. Moshi. Mgeni mmoja alikimbia na kaptula ya kuogelea mpaka barabarani.

Nani akatokea na begi lake akazima? Abeid. Akatazama taima yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, Mzee Zadock, hii inahesabu mchana na usiku pamoja: saa tatu asubuhi ni namba tisa, kumi na tano ni saa tisa alasiri. Akauliza umeme nilisomea redioni. Mama Safia kaona nyaya wazi karibu na maji, kafunga lango la bwawa kwa mnyororo.

Jumapili, 14 Agosti

Simu ya mapokezi. Milka, binti wa Rosa. Mjomba, bwawa liko wazi? Nilitaka kusema ndiyo. Abeid amesimama pale pale. Nikasema limefungwa kwa heshima ya mgeni wa serikali. Nikasema lakini kuna samaki, nimeshakaanga. Nikamsikia akimwuliza mama yake. Akarudi: siku nyingine, Mjomba.

Abeid kala samaki wa Dalmas. Alisema chumvi imezidi. Lakini alikaa mpaka jua likazama.

Jumatatu, 15 Agosti

Abeid kaleta busta nyingine, kaipitisha kwenye swichi ya pampu kubwa, taima kaiweka tisa. Kasema nisiguse. Alipokwenda kunywa chai nikaona kosa lake: hakuvuka upande wa pili! Nimemrekebishia kimya kimya, ishirini na moja. Nimepiga simu Bondo: Jumapili ijayo, bwawa litang'aa.

Boya, wakiuliza, ni la Dalmas. Ila dukani nililipima kwenye kiuno changu. Miaka yote nafagia bwawa hili, na maji hayajawahi kunipita magoti.