Udongo Wangu Msafi Kunyimwa Kisima

Ndugu Mkuu wa Maabara ya Udongo na Maji,

Jumanne iliyopita, saa tano kasoro robo asubuhi, nilipoteza kwa mpigo mmoja kisima, shamba darasa na heshima yangu mbele ya shemeji. Vyote vitatu vilipotelea kwenye karatasi moja yenye muhuri wa ofisi yako. Natumai hujambo.

Mimi ni dobi. Nilianza na beseni la kuazima na pasi ya mkaa. Leo nina mashine nne na ekari mbili mlimani, nilizozinunua kwa kola za watu. Kikundi chetu cha wakulima kimepata ufadhili wa kisima kimoja. Tulikubaliana kichimbwe kwenye shamba ambalo udongo wake utapata majibu mazuri zaidi kwenu, liwe shamba la kujifunzia wote. Tukabaki wawili: mimi na kaka wa mke wangu, tunayemwita Kamati kwa sababu hakuna kamati ambayo yeye hayumo. Shamba lake liko bondeni, mtoni pale pale. Langu liko juu, na anayepandisha maji kwa ndoo ni mke wangu, ambaye goti lake sasa linalia kama bawaba. Kwa hiyo usidhani naandika kwa kujifurahisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilifuata maelekezo. Bwana shamba alisema nichote sehemu kumi tofauti kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita ishirini, nichanganye, nikaushe kivulini, kisha nilete nusu kilo kwenye mfuko safi. Mfuko safi, Mkuu! Miaka thelathini kazini sijawahi kutia kitu kichafu kwenye mfuko safi. Basi nikauosha udongo. Maji ya kwanza yalitoka meusi, nikaona aibu, nikaongeza sabuni. Nikasuuza, nikatia buluu kidogo, nikaanika kivulini kama nilivyoelekezwa, nikaupiga pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa. Wanga sikutia, kwa sababu huo ungekuwa udanganyifu.

2. Majibu yenu yanasema, nanukuu: "Mchanga mtupu. Rutuba: haipo. Magadi: yamezidi. Maoni: sampuli inatoa povu na inanukia waridi." Hilo la waridi nililipokea kama pongezi mpaka Kamati aliponifafanulia mbele ya kikundi kizima. "Shemeji," akasema, "hilo ni shamba au kaptura? Mbona limepauka?" Watu walicheka mpaka mweka hazina akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

3. Kamati alileta udongo wake kama ulivyotoka. Ulikuwa na majani yaliyooza, kinyesi cha mbuzi na nyungunyungu mmoja mzima, ambaye ofisi yako imemsifu kwa maandishi: "Viumbe hai wapo, vizuri sana." Kwangu, mteja akikuta mdudu mfukoni mwa koti, namrudishia pesa na kumwomba radhi. Kwenu anapewa kisima. Naomba kuelezwa: hapo mnapima udongo au mnapima uchafu?

4. Tuje kwenye hesabu, maana hapo hamnipigi chenga. Niliosha kilo mbili, ikabaki nusu kilo. Kilo moja na nusu ilikwenda na maji. Maana yake robo tatu ya shamba langu ni uchafu, na mimi niliyelipia ekari mbili kumbe nina nusu ekari. Naomba barua yenu nimpelekee aliyeniuzia, anirudishie robo tatu ya bei, na nakala iende kwa wanaokusanya kodi ya ardhi.

5. Hiyo nusu ekari iliyojificha ndani ya uchafu naitaka. Bwana shamba anasema ekari moja, kwa kina kile kile, ina kama kilo milioni moja za udongo. Zangu mbili ni milioni mbili. Kilo mbili zilikula ndoo sita, kufua na kusuuza. Hivyo nahitaji ndoo milioni sita. Sabuni sijaijumlisha, kikokotoo kiligoma. Nilipomwonyesha bwana shamba hesabu hii alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena, akaondoka. Sasa niambie wewe: kati ya mtu mwenye upungufu wa ndoo milioni sita na mtu anayekaa mtoni na kusifiwa minyoo, nani anastahili kisima? Majibu yenu yenyewe yananipa ushindi.

Fundi wa kuchimba anafika Jumatatu saa mbili asubuhi. Nataka jibu la moja kwa moja, si lile la "suala lako linashughulikiwa": mnayafuta majibu hayo, ndiyo au hapana? Linifikie Ijumaa kabla ya saa kumi jioni.

Nisalimie binti wa mapokezi, mlinzi wa getini, na hata huyo aliyenusa. Koti lake jeupe nililiona. Alilete, nitamfulia bure.

Mimi mteja wenu msafi,
Dobi wa Mlimani

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii, akaniita nyuma ya jiko. Yale maji meusi ya kwanza aliyamwagia maboga yaliyokuwa yamedumaa. Yametambaa, yamevuka ukuta, na moja limekata kamba yangu ya kuanikia. "Baba watoto," kasema, "rutuba yako hii hapa. Umeifua ikatoka." Kwa hiyo pamoja na barua hii utapokea nusu kilo nyingine, aliyoichota yeye mwenyewe. Pimeni hiyo, ile ya kwanza itupeni. Nimemsihi aniachie angalau niupige brashi kidogo, amekataa. Ameukalia mfuko, na anasema hainuki mpaka tarishi afike.