Saa Moja ya Kazi

Jumatatu, 4 Machi.

Balaa limebisha hodi leo, na kitambulisho shingoni. Karani wa utafiti wa ajira. Katika nyumba zote za mtaa huu, imechaguliwa yetu! Ameandika waliomo: mimi, mke wangu, mama mkwe. Atarudi Ijumaa jioni kumuuliza kila mtu alifanya kazi gani katika siku saba zilizopita, na wapi. Mama mkwe hakungoja Ijumaa. Akamwambia palepale kwamba mkwe wake ni mkata karatasi wa kiwanda cha uchapaji, mwaka wa kumi na moja sasa, hajachelewa hata siku moja. Nilitazama dari.

Ukweli, na nauandika humu tu: nilipunguzwa kazi tangu Januari. Wameleta mashine inayochapa, kukunja na kukata yenyewe. Kila asubuhi natoka na begi langu saa kumi na mbili na nusu, nakwenda maktaba. Mshahara ninaoleta nyumbani ni kiinua mgongo nilichokikata vipande, na kipande cha mwisho ni cha mwezi huu. Sijamdanganya mke wangu. Hajaniuliza.

Tatizo ni Jumamosi. Mke wangu anafua mashuka ya hospitali, na zile dawa za kufulia zimempasua mikono mpaka hawezi kufunga kifungo. Jumamosi anapeleka barua ya kuacha kazi, maadamu mimi nina mshahara. Lazima ajue kabla. Nitamwambia kesho.

Jumanne, 5 Machi.

Sijamwambia. Nimepata njia bora.

Maktaba wana kitabu kinene cha takwimu za ajira. Kumbe ukosefu wa ajira una aina zake, kama homa. Kuna wa msimu, wa wale wanaongoja mavuno. Kuna wa mzunguko, uchumi ukianguka na wafanyakazi wanaanguka nao. Kuna wa mpito, mtu ametoka kazi hii anatafuta ile. Na kuna wa kimuundo, ambapo kazi yenyewe imekufa na haitarudi. Huo ndio wangu. Nilijiona mtu wa maana kidogo.

Nikamwonyesha Koti. Koti ni yule bwana tunayegombea naye kiti cha dirishani. Havui koti hata jua likiwaka, na anadai yuko likizo. Likizo ya miezi mitatu! Akasoma taratibu, akasema kama ni lazima awe na aina, basi yeye ni wa mpito. Wa kimuundo, akasema, ni wale wasiosoma. Alipokwenda msalani nilikalia kiti chake.

Ukurasa wa pili ukanichoma. Asiyetafuta kazi kwa wiki nne hahesabiwi kuwa hana kazi. Anawekwa nje ya nguvukazi. Mimi sijatafuta. Ningetafutaje, na nyumbani wanajua ninayo? Kwa hiyo sina kazi, na wala simo kati ya wasio na kazi. Nimeumia sana.

Lakini chini yake! Aliyefanya kazi ya malipo walau saa moja katika siku saba anahesabiwa ana kazi. Saa moja tu. Nikiipata kiwandani kwangu kabla ya Ijumaa, kila jibu langu litakuwa la kweli. Nilicheka peke yangu, mkutubi akanisogelea kuangalia kama niko salama.

Jumatano, 6 Machi.

Mlinzi wa kiwanda, niliyekula naye chakula cha mchana miaka kumi, ameniuliza nina miadi na nani. Msimamizi wa zamu akatoka, akanisikiliza, akasema hajawahi kuombwa kazi ya saa moja. Nirudi saa nane, pengine kutakuwa na marobota ya kubeba.

Nikaenda maktaba kungoja, na mdomo ukaniponza. Nilimweleza Koti mpango wote, mpaka barua ya mke wangu kule kwenye ufuaji wa hospitali. Nilitaka ajue kwamba hata wa kimuundo tuna akili. Saa saba akaondoka bila kuaga. Nikakaa dirishani kwa raha zangu, najipongeza. Nilipofika kiwandani nikamkuta amevua koti, ana robota mgongoni. Karani atapita kwake pia, mtaa wa pili, akasema, na yeye ana mke. Hakukuwa na robota jingine.

Jioni mke wangu amenisomea rasimu ya barua yake. Sauti ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo muda mrefu. Nilifungua mdomo. Nikakohoa. Akaniletea maji.

Alhamisi, 7 Machi.

Leo au basi. Nilikuwa mlangoni kabla ya mlinzi. Msimamizi, nadhani kwa kunionea huruma, akanipa ufagio na kunionyesha vipande vya karatasi chini ya mashine. Ile mashine. Nikafagia miguuni pake kama mtumwa, jicho moja kwenye saa ya ukutani.

Dakika ya arobaini na tano umeme ukakatika. Kila mtu akaambiwa atoke nje. Nikakataa. Msimamizi akasema nitaumia gizani. Nikamwambia bado dakika kumi na tano. Nikafagia kwa kupapasa, nikihesabu dakika kichwani. Nilipotoka nilikuwa nimefanya dakika sitini na mbili, mbili za tahadhari.

Msimamizi hakuwa na fungu la kumlipa mtu wa saa moja. Akanipa rundo la madaftari yaliyopigwa mistari upande mmoja tu. Kitabu kinasema malipo ya vitu nayo yanahesabiwa! Nikamwomba aniandikie cheti. Akaniuliza kama nyumbani kuko salama.

Ijumaa, 8 Machi.

Karani alikuja saa kumi na mbili jioni. Mke wangu upande huu, mama mkwe upande ule, mimi katikati nikiloa jasho.

Akauliza kama nimefanya kazi ya malipo katika siku saba zilizopita. Ndiyo. Wapi? Kiwanda cha uchapaji. Ya nini? Ya karatasi. Yote kweli tupu. Mke wangu akawa anaitikia kwa kichwa kila jibu. Nikaanza kupumua.

Ndipo akauliza nimefanya saa ngapi kwa wiki hiyo.

Swali hilo sikulisoma mahali popote. Nikimwambia moja, wamejua. Nikimwambia nyingine, nimedanganya serikali. Nilikuwa nimeshaanza kusema, naapa, herufi ya kwanza ilikuwa mdomoni, mama mkwe akaingilia. Akamwambia karani asimsumbue mtu aliyechoka. Huyu anatoka alfajiri, anarudi jioni, siku tano. Aandike hamsini. Karani akaandika hamsini.

Nikamtazama akifunga karatasi zake. Akatuaga, akasema atapita tena baada ya miezi mitatu, awamu ya pili.

Mke wangu akanishika bega na ile mikono yake mikavu, akasema sasa amepata amani. Akanipa barua niipitie. Nilirekebisha koma mbili.

Jumamosi, 9 Machi.

Ameipeleka. Amerudi anaimba. Nimelala mchana kutwa nikijifanya naumwa, na kwa kweli nilikuwa naumwa.

Jumatatu, 11 Machi.

Usingizini nilipata wazo. Mke wangu ameacha nafasi wazi, na mashuka ya hospitali hayajapata mashine. Nikaenda na begi langu mpaka kwa mkuu wa ufuaji, nikaomba kazi. Safari hii niliomba kwa dhati, nikasema naweza kuanza saa hiyohiyo.

Mama yule akasoma jina langu kwenye kitambulisho mara mbili. Akasema ananifahamu kwa sifa. Mke wangu aliwaaga vizuri, akawaeleza kwamba mume wake ana kazi ya kudumu, hata serikali imeiandika. Akasema nafasi amempa bwana mmoja aliyefika alfajiri, mwenye koti, kwa sababu huyo aliungama mbele yake kwamba hana kazi kabisa.

Nimerudi nyumbani saa ileile ya kawaida. Mke wangu ameniuliza kazini kulikuwaje. Nikamwambia tumebanwa sana siku hizi.

Lakini sijakaa bure. Njiani nilipitia kiwandani, nikamwomba msimamizi anihifadhie ufagio kwa wiki ya kwanza ya Juni, kabla karani hajarudi, saa mbili nzima ikiwezekana.