Babu Eli, Toka Huko Ulikojificha

Kwa Mheshimiwa Babu Eli Kingfisher,
Kaburi la tatu kutoka kwenye uzio, nyuma ya kanisa,
Stilwell, Oklahoma.

Babu mpendwa,

Mimi ni Kendra, mjukuu wa mjukuu wako. Hatujawahi kuonana, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Natumaini unapumzika vizuri. Barua hii nitaiweka chini ya chungu cha maua siku ya kusafisha makaburi. Naomba usichukie, lakini nina malalamiko.

1. Mwaka 1902, makarani wa serikali walipokuja na hema na kitabu kikubwa kuwaandika Wacherokee, sisi wenyeji wa asili wa nchi hii, wewe ulimchukua Bibi Nancy, watoto na sufuria ya maharage, mkaingia msituni. Najua hukuwaamini, maana walitaka kuikata ardhi yetu vipande vipande. Lakini Babu, leo asiye na mzee wake ndani ya kitabu kile hapewi kadi ya uraia wa taifa letu. Mwanangu Josie ana mwaka na nusu. Ukimpa maziwa anasema "wado", ahsante ya kwetu kabisa, na kadi hana.

2. Ulijificha vizuri kupita kiasi. Jirani yako Sunday Pumpkin naye alijificha, kwenye banda la mahindi, miguu ikabaki nje. Akaandikwa. Leo ukoo wake wote una kadi, akiwemo Kristy, jirani yangu, ambaye alinitania dukani mbele za watu: "Shoga, babu yenu angeacha hata kidole nje!" Nikamjibu, "Wenu alishindwa na mahindi." Halafu nikaenda kulia ndani ya gari.

3. Maktabani nilikokwenda kukutafuta nilikaa na mama mmoja kutoka Ohio. Akaniambia bibi yake alikuwa binti wa mfalme wa Kicherokee. Nikamwambia, "Mama, sisi hatukuwa na wafalme." Akanipigapiga begani: "Pole mwanangu, labda kwenu hamkualikwa." Mimi, niliyelelewa kwa mkate wa maharage na kugombezwa kwa Kicherokee!

4. Bi Lorene wa ofisi ya uandikishaji ni mama yangu mdogo. Amenibadilisha nepi huyo. Akashusha miwani akasema, "Kendra mwanangu, mimi nakujua. Kitabu ndicho hakikujui." Tukalia sote wawili, foleni ikisubiri.

Kwa hiyo naomba kwa heshima, Babu, Jumatatu saa tatu asubuhi ufike ofisini uandikwe. Ni dakika tano tu. Uje na kitambulisho chenye picha. Najua picha yako ni moja, ile uliyojificha nyuma ya mti ukaonekana ukingo wa kofia tu, basi njoo na kofia. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, kiti cha mbele nitakuachia. Sitaki mwanangu aje kuulizwa yeye ni nani, akakosa cha kuonyesha.

Nisalimie Bibi Nancy, watoto wote, na Mzee Pumpkin ukimwona. Usimtajie miguu.

Mjukuu wako anayekupenda na kukulaumu,
Kendra

Nyongeza: Nilipokuwa nafunga bahasha, amekuja mtu mwenye beji shingoni, anaandika majina ya wakazi wa kila nyumba. Babu, sijui ni nini kilinipata. Nilizima televisheni, nikamnyakua Josie, tukajilaza ndani ya beseni la kuogea. Josie akaweka kidole mdomoni, shhh, na hakuna aliyemfundisha. Tukamsikia yule mtu akienda kumuuliza Kristy, na Kristy akijibu kwa sauti yake ya dukani: "Hapo? Hapo haishi mtu, kaka! Miaka!"

Basi Jumatatu usije. Kaa hapo hapo. Josie nimemwonyesha picha ya ule mti, nikamwambia, "Huyu ndiye babu yako," akaupungia mkono. Kristy nimempelekea sufuria ya maharage.