Springi ya Mzee Eshelman

Alhamisi asubuhi nilikuta gazeti la kaunti liko mezani kwetu, limekunjwa ukurasa wa nne, na Jaji ameliwekea kiwiko juu ili mtu asilisome kabla yeye hajalitolea hukumu.

"Eshelman wanafunga," akasema. "Jumamosi ndiyo mwisho. Miaka sabini na ushei wanauza bunduki pale, sasa jengo limechukuliwa na bwana mmoja na mkewe kutoka Philadelphia. Watauza mishumaa ya harufu."

"Harufu ya nini?" akauliza Msumeno.

"Wameandika hapa. Harufu ya msitu."

Msumeno akageuka kutazama dirishani. Ukiwa umeketi mgahawani kwa Dorcas, hapa Stover Gap, tazama upande wowote unaoutaka, utakutana na msitu. Mbele msitu, nyuma msitu, na uani kwa Dorcas msitu unataka kuingia jikoni.

"Mtu anatoka Philadelphia," akasema taratibu, "anakuja kutuuzia sisi harufu ya msitu."

Kwenye meza ile tuko wanne. Jaji jina lake ni Clyde Rauch. Zamani aliitwa kukaa baraza la wazee wa mahakama siku mbili, kesi ya maboga ya wizi, na tangu hapo hajaacha kuhukumu. Msumeno alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini, akaacha huko kidole kimoja na masikio yote mawili, ndiyo maana anapiga kelele hata akinong'ona. Dikoni si dikoni wa kanisa lolote. Tulimwita hivyo kwa sababu sala yake ya kubariki mayai ni ndefu kuliko mayai yenyewe. Mimi wananiita Posta, maana nilisambaza barua mji huu mpaka magoti yakagoma.

"Lile ndilo lilikuwa duka," Jaji akaendelea. "Huduma, bwana. Si kama kule barabara kuu, kwenye duka lile kubwa kama uwanja wa ndege. Unachukua namba, unakaa, unaitwa kama uko kwa daktari wa meno. Ukifika kaunta unaulizwa barua pepe. Nimekuja kununua risasi, barua pepe ya nini? Kulungu ataniandikia?"

"Mzee Harlan Eshelman hakuwa na maswali dukani kwake," nikasema.

"Hakuwa hata na salamu," Msumeno akadakia kwa fahari. "Unaingia, unamwambia habari za asubuhi, yeye anatazama viatu. Akiona tope, anakurudisha nje. Nani siku hizi anakuhudumia namna hiyo?"

"Hakuna," Jaji akakata shauri.

"Mimi," Msumeno akaendelea, "mwaka wa sabini na nane nilimpelekea bunduki yangu, nikamwambia, Harlan, hii inapiga kushoto. Hakusema kitu. Akatoka nayo uani, akatundika kopo, akapiga mara tatu, akalitoboa mara tatu. Akarudi akailaza juu ya kaunta. Akasema, 'Bunduki nzima. Kilichopinda ni kile kilichoibeba.'"

"Si alikutukana?"

"Alinitukana mbele ya watu sita. Nilifurahi wiki nzima. Mtu alikuwa amekaa akalifikiria tatizo langu."

Dorcas alikuwa anapita na birika, akasimama kusikiliza. Jaji akamwonyesha birika kwa kidole.

"Na kahawa yake je. Dorcas, usinielewe vibaya, yako nzuri. Lakini ile ya Harlan ukiimwagia msumari wenye kutu, kutu inang'oka. Na ulikunywa, kwa sababu ukikataa alikuwa hakuuzii."

"Hata ukinywa alikuwa hakuuzii," nikasema.

"Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Duka gani lingine limekunyima?" Jaji akavuta kiti. "Mimi nilipeleka bunduki ya marehemu baba ikatengenezwe, mwezi wa tatu. Akaniambia njoo baada ya wiki mbili. Nikaichukua mwezi wa tatu."

"Sasa si ndani ya wiki mbili?"

"Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata."

"Lakini aliitengeneza."

"Hapana. Alisema nilikuwa sahihi, imeharibika."

Tukacheka wote ila Dikoni. Yeye alikuwa anazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho sukari yake ilikwisha kuyeyuka tangu Jaji yuko kwenye mishumaa.

"Dikoni, mbona umekausha?"

"Nasikiliza."

Jaji hakumsubiri. Alikuwa amefika pale anapopapenda, kwenye hukumu. Akakunja gazeti, akaligonga mezani. "Kilichoua duka lile ni usaliti, sina neno jingine. Watu wa mji huu hawana shukrani. Wamelelewa na Harlan, wamekimbilia bei."

"Watu gani hao, Jaji?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Arletta Eshelman alikuwa amesimama pale na koti lake la kazi, anasubiri supu aliyoiagiza. Arletta ni binti yake Harlan. Tangu baba yake afariki, mwaka wa kumi na moja huu, ndiye aliyekuwa nyuma ya kaunta ile. Mikono yake haikosi harufu ya mafuta ya bunduki.

"Watu tu," akasema Jaji. "Kwa ujumla."

"Nimekuuliza kwa sababu Oktoba ulikuja na bunduki mpya nikufungie darubini. Nikaifunga, nikairekebisha shabaha, nikakupa na kahawa. Kikaratasi cha duka la barabara kuu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kifyatulio. Nikakikata kwa mkasi, nikakitia kwenye pipa, sikusema kitu."

Jaji akaanza kutafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa.

Msumeno alicheka, na hapo ndipo alipokosea.

"Wewe Msumeno," Arletta akasema, wala hakupandisha sauti, ingawa kwa Msumeno inabidi, "ulikaa dukani kwangu saa mbili umeikumbatia ile bunduki ya marisau ya kuwindia bata mzinga. Ukauliza uzito, ukauliza mbao za kitako zimetoka wapi, ukaandika namba yake kwenye kiganja. Ukasema unakwenda kumuuliza mkeo. Ukaiagiza kwenye mtandao."

"Nani kakwambia?"

"Ililetwa kwangu. Sheria inataka bunduki ya mtandaoni ipitie kwa mwenye leseni. Mimi ndiye niliyekujazia fomu, Msumeno. Ulisimama mbele yangu, ukatia sahihi, ukaniuliza kama nina mfuko wa kuibebea."

Msumeno akasema hakusikia vizuri. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba, lakini chini ya meza kulikuwa na usalama kidogo. Risasi zangu zote za miaka sita zimetoka barabara kuu, na vijarida vya matangazo ya duka lile ni mimi niliyevisambaza mji mzima, nyumba kwa nyumba, kimoja kikaingia hata kwenye sanduku la barua la Arletta.

"Posta, wewe toka tu huko chini," akasema. "Sikuja kugombana. Nimekuja kuchukua supu."

"Utafanya nini baada ya Jumamosi?" nikamuuliza, nikipanda polepole.

"Jumatatu naanza kazi."

"Wapi?"

"Barabara kuu. Kaunta ya bunduki. Wamenipa fulana nyekundu yenye jina langu, na wamekosea herufi moja."

Hapo meza nzima ikawa kama matanga. Jaji akajitahidi. "Basi vizuri, mwanangu. Tutakuja kukuunga mkono kule kule."

"Najua," Arletta akasema. "Njia mnaijua."

Kisha akamgeukia Dikoni, na uso wake ukalegea kidogo. "Wewe tu ndiye sina la kukusema. Katika vitabu vya hesabu vya baba sijaona jina lako hata mara moja. Na ninakukumbuka pale dukani karibu kila siku majira fulani ya baridi, umekaa kwenye kile kigoda karibu na jiko. Sijajua ulikuwa unanunua nini."

Dikoni akaweka kijiko chini.

"Bastola," akasema.

Tukamtazama. Dikoni hajawahi kuwinda hata sungura.

"Ilikuwa Februari. Mke wangu Ruthann alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Nikaingia kwa baba yako, nikamwonyesha ile iliyokuwa kwenye kabati la kioo, ya kushoto. Akaniuliza naitaka ya nini. Nikasema mbweha wananisumbua. Akaniuliza, 'Wewe una kuku?' Nikasema sina. Akanitazama. Hakunitazama viatu, ndugu zangu, alinitazama usoni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alijua nina uso."

Msumeno alikuwa amejisogeza mbele, mkono nyuma ya sikio.

"Akaitoa ile bastola, akaifungua, akasema springi imekufa. Ameagiza nyingine, nirudi Alhamisi. Nikarudi Alhamisi. Springi haijafika, theluji imefunga njia. Akaniambia nikiwa nasubiri nimsugulie kitako kimoja cha bunduki, cha mti wa jozi, mikono yake inamuuma. Nikakisugua. Akakiangalia, akasema hata mbuzi angesugua vizuri zaidi, rudia. Kesho yake nikarudi kurudia. Springi bado. Keshokutwa vivyo hivyo. Kila siku ananitukana, ananipa kahawa ile, ananiuliza Ruthann alikuwa anapikaje viazi. Alikuwa anataka kujua kila kitu kuhusu viazi."

Dorcas alikuwa ameliweka birika chini.

"Sikutaka mbweha," Dikoni akasema. "Nilitaka kumfuata mke wangu. Sijawahi kuwaambia."

Jaji alivua miwani, na safari hii alikuwa na sababu.

"Aprili barafu ilipoyeyuka mtoni, akaniuliza kama bado naitaka ile bastola. Nikamwambia siitaki. Akasema ni vizuri, maana aliiuza kwa mtu mwingine siku ile ile niliyoiulizia, nilipotoka tu mlangoni. Springi haikuwa na ubaya wowote. Nikamuuliza na kitako je, nilichosugua miezi miwili? Akasema kile hakikuwa cha bunduki yoyote. Alikuwa anataka kukichoma jikoni."

Arletta alikuwa amevuta kiti bila kukaribishwa. "Kipo," akasema. "Kiko ukutani, juu ya mashine ya kupigia tundu. Nilimuuliza baba mara nyingi ni cha nini. Alisema ni kazi ya mteja wake bora."

Dikoni akaangalia mikono yake kwa muda. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mkate, "Kule unakokwenda, mwanangu. Mtu kama mimi akija Februari, akasema mbweha wanamsumbua. Utamwambia springi imekufa?"

"Kule hakuna karakana. Hawajui springi ni nini. Kompyuta ndiyo inayosema kitu kipo au hakipo."

"Aa," akasema Dikoni.

Dorcas akaleta supu kwenye chombo chenye kifuniko. Arletta akaipokea, akasimama, akaitazama kama amesahau alikuja kuifuata.

"Itabidi kompyuta igome," akasema. "Siku hiyo itagoma. Na kesho yake itakuwa bado, na nitakuwa na masanduku mengi yanahitaji kupangwa, na mtu huyo atayapanga vibaya sana."

Jaji akainuka. Nilidhani anataka kutoa hukumu. Alikwenda kumshikia mlango, na supu ikapita.